Kumuulizia Mchumba Nchi ya Swala

Nyinyi wenzangu wa kusuka ukili mmekuwa mkinisimamisha njiani mmoja mmoja, kila mtu akitaka habari za bara. Nimesimulia mara nne, na mara zote nne habari imenirudia ikiwa na duma aliyenikimbiza. Hakuna duma aliyenikimbiza. Sasa nimeamua kuandika, na anayetaka kuongeza chumvi aiongeze kwenye mchuzi wake.

Mwanzo wake mnaujua. Zuhura, binti wa kaka yangu Bakari, anafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya wageni kule Utende. Msimu uliopita alikuja kijana wa bara, Shabani, mzaliwa wa Kondoa, akiwaongoza Wazungu wawili waliokuja kupiga picha za papa potwe. Kazi yake ya siku zote ni kuwatembeza wageni kwenye mbuga za swala. Alikaa Utende mwezi mzima, na baada ya kuondoka haikupita miezi mingi ikaletwa posa.

Kwetu posa haijibiwi kabla ya kuulizia. Mtu mmoja wa ukoo huenda kwa muoaji bila kutoa taarifa, akatazame anavyoishi, anaswali wapi na majirani wanamsemaje. Neno atakalorudi nalo ndilo jibu. Bakari alinichagua mimi, akasema ni kwa sababu nimestaafu ualimu na nina nafasi. Sababu yenyewe mnaijua: mimi siamini mtu. Miaka thelathini nimeambiwa daftari limeliwa na mbuzi, na wengine kwao hata kuku hawafugi.

Basi mzigo ulikuwa huo. Nikisema ndiyo, mtoto wetu anahamia mbali na bahari kwa mtu tusiyemjua. Nikisema hapana, yamekwisha.

Baleni hadi Kilindoni

Siri ya safari yangu haikufika hata barabarani. Kijana wa bodaboda aliyekuja kunichukua aliniamkia, akafunga begi langu nyuma ya kiti, kisha akaniuliza kama ni kweli swala hanywi maji. Nikamuuliza nani kamwambia habari za swala. Akasema watu.

Nilipofika bandarini nikamkuta Zuhura ameomba ruhusa kazini, amekuja na fungu la pweza mkavu limefungwa kwenye gazeti. La Shabani, akasema. Nikasimama pale nikiwa na fungu mkononi. Kumbe muulizwaji anajua siku ninayoondoka, anajua ninachobeba, na bila shaka anajua nitafika saa ngapi. Kuulizia gani huko? Mtu aliyepewa siku tatu za kufagia nyumba hawezi kukutwa na uchafu. Nikamwandikia Shabani alama ya kwanza mbaya kichwani mwangu kabla sijamtia machoni.

"Shangazi," Zuhura alisema nikiwa nakanyaga ubao wa kupandia chombo, "usimtazame kama unavyotutazama sisi."

Nikamwambia macho yangu ni hayo hayo, sina mengine.

Kilindoni hadi Nyamisati

Bahari ilikuwa shwari na mashine ilikwenda vizuri mpaka tulipoingia kwenye mkondo wa mikoko. Hapo maji yalikuwa yamekupwa kuliko nahodha alivyotarajia, tukakalia fungu la mchanga. Hakukuwa na la kufanya ila kusubiri yajae. Tulikaa saa nyingi, mikoko kushoto na kulia, watoto wanalia, na mama mmoja akaanza kugawa mihogo ya kuchemsha kwa watu asiowajua. Mimi nilisema nimeshiba. Njaa iliponishinda alikuwa ameshamaliza kugawa.

Jirani yangu alikuwa mvuvi wa Kilwa aliyekuwa akirudi kwao baada ya miezi ya dago, yaani kambi ya uvuvi, huko kaskazini mwa kisiwa. Nilimuuliza maswali mengi, kwa kuwa mikono yake haikunionyesha makovu ya mishipi. Akacheka, akaniambia yeye ni mtu wa nyavu. Kisha akanieleza jinsi wavuvi wanavyolindana. Kila mmoja ana mwamba wake wenye samaki, na hamwonyeshi mwenzake. Akipita juu ya mwamba ule na watu chomboni, hageuzi shingo. Ataongea, atavuta sigara, atatazama upande wa pili. Ndiyo maana wale wazoefu, alisema, hawafuati kule unakotazama. Wanafuata kule unakokataa kutazama.

Nilimwona mjanja kupita kiasi, nikalivuta begi langu karibu.

Dar es Salaam hadi Kondoa

Ya Dar siyasimulii. Nililala kwa binamu yangu, alfajiri nikapanda basi la njia ya Dodoma.

Jirani yangu humo ndani alikuwa baba mmoja wa makamo, kavaa koti safi, mpole mno. Upole wenyewe ulinitia wasiwasi. Kabla hatujafika Chalinze alifungua pakiti ya biskuti, akanikaribisha. Kila mtu amesikia habari za watu wanaokaribishwa biskuti kwenye basi wakaamka siku ya pili bila begi wala viatu. Nikamwambia nimefunga. Ikawa taabu, maana tuliposimama Morogoro nilitamani chai ya maziwa na sambusa, na yule baba alishuka na mimi hatua kwa hatua. Nilisimama upande wa pili wa basi kama mtu anayetafuta hewa. Mchana ukapita na mimi naumwa na kichwa, nimefunga swaumu ambayo sikuinuia.

Baada ya Dodoma nilisalimu amri. Nikatoa pweza wangu, maana nilikuwa na fungu langu mwenyewe, nikamkata kipande nikamkaribisha na yule baba. Alikitazama kile kipande, akatazama vile vidude vilivyopangana kwenye mnyiri, yaani mkono wa pweza, akaniuliza kwa adabu kubwa ni kitu gani. Nikamweleza. Akasema ahsante mama, daktari kamkataza vitu vya chumvi. Macho yetu yakakutana, na nadhani wote wawili tulifahamiana. Toka hapo hatukukaribishana tena, tukaongea vizuri tu mpaka aliposhuka.

Basi liliharibika Kondoa. Kwangu ilikuwa riziki, maana hapo ndipo kwao Shabani. Alikuwa amemwambia mshenga kwamba marehemu baba yake alikuwa fundi cherehani jirani na stendi. Nikamwendea mama mmoja anayeuza ugali wa mtama na mlenda, nikaagiza sahani. Ule mlenda uliteleza kooni bila nazi, bila pilipili, nami nikala nikimsifu mpishi huku nikimuuliza kama anamfahamu Shabani wa fundi cherehani.

Uso wake ukachangamka. Alisema anamfahamu tangu utotoni, kijana mwenye heshima, halafu akaongeza kwamba mara ya mwisho alimwona msibani, na siku ile alitia huruma.

"Msiba wa baba yake?" nikauliza.

"Aa, baba alitangulia zamani." Kisha akanitazama vizuri, kilemba changu na begi langu. "Wewe ni nani yake, mama?"

Nikasema mimi ni jamaa wa mbali. Akafunika sufuria yake, akageukia mteja mwingine. Nikarudi kwenye basi na msiba ambao haukutajwa kwenye posa. Hiyo ilikuwa alama ya pili.

Kondoa hadi nyumbani kwa Shabani

Nilishuka Makuyuni, Shabani akanipokea. Ni mrefu kuliko nilivyodhani, mkimya, na aliniamkia akiwa ameinama vizuri. Nikamwitikia marahaba huku nikiangalia viatu vyake. Vilikuwa na vumbi la mtu anayefanya kazi, hilo siwezi kumnyima.

Anakaa kijiji kidogo pembeni ya mbuga, nyumba ya vyumba viwili. Aliniachia nyumba nzima, yeye akaenda kulala kwa mwenzake wa kazini. Adabu njema, lakini mtu anayekuachia nyumba ameshatoa asichotaka ukione. Alipoondoka tu nikaanza kazi yangu. Sakafu imefagiwa. Vyombo vimepangwa. Msahafu uko juu ya kabati, hauna vumbi. Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipouona msumari ukutani, nyuma ya mlango wa chumba cha pili. Ulikuwa umepigwa usawa wa goti langu. Mtu mzima hatundiki kitu chini namna ile. Ukuta uliozunguka msumari ulikuwa na weusi wa kuguswa kila siku, na msumari wenyewe haukutundikwa kitu.

Alama ya tatu.

Siku mbili na swala

Kesho yake asubuhi Shabani alikuja na gari la kazi, akasema anataka nione anachokifanya. Nikafikiri, ananitoa kijijini nisiongee na majirani. Nilikwenda, kwa sababu anayekutembeza nawe unapata kumchunguza.

Ile nchi, jamani, haina mahali pa kujificha. Nyasi, anga, na mti mmoja mmoja. Swala walikuwa mamia. Walio wengi ni wale wadogo wenye mstari mweusi ubavuni, swala tomi, ambao mkia wao hautulii hata dakika. Wakubwa zaidi, wenye weupe nyuma, ni swala granti, na hao ndio wanaoweza kukaa muda mrefu bila kunywa, unyevu wanaupata kwenye majani. Kwa hiyo yule kijana wa bodaboda hakuwa mbali na ukweli.

Niliwapenda mara moja, na nitawaambieni kwa nini. Ni viumbe wasioamini mtu. Mmoja anainamisha kichwa kula, mwingine anainua. Hawakimbii ovyo. Duma akionekana mbali hawamgeuzii mgongo, wanasimama wamtazame, hata wamsogelee kidogo, kwa maana duma unayemwona si hatari kama duma usiyemwona. Na yule aliye karibu zaidi na hatari huanza kuruka juu kwa miguu yote minne iliyokakamaa. Mimi niliona ni upuuzi, mtu unakimbizwa unacheza. Shabani akaniambia ni ujumbe: nimekuona, na nguvu ninazo, usijisumbue. Mara nyingi adui anamwacha huyo, anatafuta mwingine.

Alinionyesha pia ncha ya jani yenye tone jeusi kama lami. Dume hulipaka kutoka kwenye tezi iliyo chini ya jicho lake, kuweka mpaka wa eneo lake. Nikamuuliza kama na yeye ana mipaka yake. Akatabasamu, akawasha gari.

Siku ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Tulikaa muda mrefu tukimtazama swala jike mmoja aliyekuwa akila peke yake. Mbweha wawili walikuwa wamelala kwenye kichuguu wakimtazama na wao. Shabani akazima gari.

"Amezaa," akasema kwa sauti ndogo. "Mtoto yuko kwenye nyasi hapa karibu."

Nikatafuta, sikuona kitu. Akanieleza kwamba mtoto wa swala katika wiki zake za kwanza hamfuati mama. Mama humlaza kwenye nyasi, naye hulala bapa, masikio nyuma, hatikisiki hata inzi akimtua puani. Mama humlamba hadi asiwe na harufu, kisha huenda kula mbali. Hurudi kumnyonyesha mara chache tu kwa siku, na kabla ya kurudi hutazama pande zote kwa muda mrefu.

"Na mbweha wale wanangoja nini?"

"Wanamtazama mama, shangazi. Mtoto hawawezi kumnusa. Wanangoja mama akosee."

"Akosee vipi?"

"Atazame alipomlaza. Mama mwenye akili hatazami huko kabisa."

Kweli, yule jike aligeuka kushoto, akageuka nyuma, akatazama gari letu. Upande mmoja tu, kwenye nyasi ndefu za kulia, hakutazama hata mara moja. Nikamkumbuka mvuvi wa Kilwa. Halafu, wenzangu, nikamgeukia Shabani nikamtazama, nami nikakumbuka kitu kingine. Tulikuwa tumepita njia ya kijijini mara nne tangu nifike. Anasalimia kila nyumba, huyu anamwita mzee, huyu anampungia mkono. Nyumba moja tu haisalimii. Ina mlango wa bati wa rangi ya buluu, na kila tukiifikia anashughulika na kioo cha upande wa pili.

Mwenye macho haambiwi tazama. Usiku ule nililala vizuri, kama mtu aliyemaliza kazi.

Mlango wa buluu

Siku ya tatu nikamwambia nimechoka, nataka kupumzika. Aliponiacha nikajifunga kanga, nikaenda moja kwa moja. Nje ya nyumba ile alikuwapo mama wa Kimaasai akiwa na kibuyu cha maziwa. Baadaye nilijua anaitwa Mama Naserian, ni jirani tu. Nikamsalimu, nikasema nimekuja kununua maziwa. Akasimama haraka, akanizibia mlango kwa mwili wake wote, akasema maziwa ameyauza. Kibuyu kilikuwa kimejaa.

Nikampita. Sijivunii hilo. Nilimpita mtu mlangoni kwake.

Ndani palikuwa na kitanda, gunia la mahindi na mwanga mdogo. Mara ya kwanza sikuona mtu. Kisha nikaona nyayo mbili ndogo nyuma ya gunia. Alikuwa msichana wa miaka mitano hivi, amelala kifudifudi, uso sakafuni, mikono ameibana ubavuni. Hakutikisika. Nikasimama juu yake sijui la kusema, na yeye, bila kuinua kichwa, akaniuliza kwa kunong'ona:

"Mgeni ameshaondoka?"

Wenzangu, nimeingia madarasani miaka thelathini, watoto wamenyamaza waliponiona mlangoni, na mimi nikajisifu kwamba nina heshima. Pale nilisikia aibu iliyonichoma hadi masikioni. Nikamwambia bado hajaondoka, ila hana neno, mtoto anaweza kuinuka. Akaketi, akanitazama, akajua kuwa mimi ndiye.

Shabani alikuja mbio, nadhani Mama Naserian alimpigia simu. Alisimama kizingitini, akatazama mtoto kwanza, kisha mimi.

"Anaitwa Rahma," akasema. "Mama yake alifariki alipokuwa na mwaka mmoja na nusu."

"Mshenga wako alisema huna mke."

"Sina, shangazi."

"Na mtoto?"

"Hakuulizwa."

Na ni kweli. Sisi tunauliza ana mke, ana deni, anakunywa, anaswali. Mtoto hatuulizi, kwa sababu kwetu kisiwani mtoto wa mtu kila mtu anamjua. Nilimfokea hata hivyo. Nilimwambia posa iliyojengwa juu ya kumfungia mtoto siku tatu gizani si posa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema aliwahi kuposa mahali pengine na alimpeleka Rahma mkononi, amevaa gauni jipya. Wenye binti walimwambia kwanza amtafutie mtoto pa kukaa, ndipo arudi. Rahma alikuwa amekaa hapo hapo akisikia. Tangu siku ile, alisema, aliapa hatamsimamisha tena mbele ya watu wanaompima.

Nilikuwa na hasira kwa sababu alitudanganya, na hasira zaidi kwa sababu nilimwelewa. Kesho yake asubuhi niliondoka. Rahma alisimama nje ya mlango wa buluu, mara hii wazi, nikampungia mkono, nikapanda gari.

Kurudi Baleni

Safari ya kurudi haikuchelewa popote, na mimi ningependa ichelewe. Nilitaka muda. Kaka yangu alinituma nikatafute kasoro, na kasoro nilikuwa nayo, imekamilika. Nikiisema ilivyo, Bakari atakataa kabla ya chai kupoa. Nikiificha, nitakuwa nimefanya kile kile nilichomfokea mwenzangu.

Nikaisema. Bakari alikuwa barazani na mkewe, Zuhura amesimama mlangoni na trei ya vikombe. Nilieleza yote, msiba wa mke, msumari wa mtoto, gunia la mahindi. Bakari akakunja uso.

"Katuficha," akasema. "Mtu wa kuficha mtoto, kesho ataficha nini?"

"Hakuficha yeye, baba." Zuhura aliweka trei chini. "Mimi nilikuwa najua tangu Utende. Alitaka kwenda naye Makuyuni kabisa ampokee shangazi. Mimi ndiye niliyemwambia amfiche. Nilimwambia, anayekuja ni shangazi."

Bakari alinitazama mimi, si yeye. Niliona uchungu, na sikuwa na mtu wa kumtupia. Kumbe watu wangu mwenyewe wananipita mbali, na mtoto wa watu akalazwa sakafuni kwa sababu ya sifa zangu zilizovuka bahari kabla yangu.

Wote walikuwa wakingoja neno langu. Nikasema waje. Waje, na mtoto aje nao, akae mbele. Bakari alinung'unika, lakini desturi ni desturi, aliyetumwa akishasema amesema.

Zuhura hakulia wala hakunishukuru. Alikuja akaketi karibu yangu mkekani, akaanza kuniuliza taratibu. Rahma anapenda kula nini? Anaogopa maji? Anacheka? Analala peke yake au na mtu? Anamwitaje baba yake?

Nilikwenda hadi bara kumuulizia mtu, nikasimama juu ya mtoto yule, na sikuwa nimemuuliza hata swali moja kati ya hayo.